Kadi Tatu za Mzee Jilala

Mwezi uliopita nilikabidhi funguo za kabati la dawa, na tangu siku hiyo Petro hajaniacha nipumzike. Petro ni dresa mwenzangu wa miaka mingi, mfunga vidonda kama mimi. Kila akipita nyumbani kwangu Ngokolo anasema, "Andika, mzee, vijana wajue tulivyofanya kazi." Anadhani nitaandika juu ya bidii. Basi atanisamehe. Vyeo sitavitaja, maana niliingia dresa nikatoka dresa, na mshahara ulikuwa wa kulalamikia tu, mwanzo mpaka mwisho. Nitaandika juu ya kidole changu cha shahada cha mkono wa kulia. Kidole hiki kiliwasaidia wazee wengi wa nchi hii. Siku tatu kilipotakiwa kuliko siku zote, nilikificha mfukoni.

Hospitali yenyewe siitaji. Ninyi mnaofanya kazi pale mnaijua, na asiyeijua haimhusu. Kosa halikuwa la hospitali. Lilikuwa langu mimi Saidi, na nataka likae kwangu.

Kazi niliianza baada ya vita ya Wajerumani na Waingereza. Vitani nilikuwa mpagazi. Kufunga vidonda nilijifunza kwa sababu aliyekuwa akifunga alikufa kwa kuhara, na mimi ndiye niliyekuwa nimesimama karibu na sanduku la bandeji. Watu hudhani nilichaguliwa kwa akili! Vita ilipokwisha nikarudi Tabora kwa mama, nikakaa, njaa ikanitoa, nikaja Shinyanga na barua ya afisa mmoja iliyosema kwamba siogopi usaha. Barua hiyo ndiyo iliyonipa kazi. Kisukuma nilikuwa nacho cha sokoni tu, cha kuulizia kuku.

Aliyenipokea alikuwa dresa mkubwa, Mzee Athumani, mtu mfupi mwenye kofia iliyofuliwa mpaka ikawa haina rangi. Nikamwambia, "Shikamoo, mzee." Akaitikia, "Marahaba. Lete kucha." Sikuelewa. Akanishika mkono, akatoa mkasi mdogo, akanikata kucha zote kumi pale pale mlangoni, wagonjwa wanatazama. "Kuanzia leo," akasema, "kucha si zako. Ukija na kucha ndefu, rudi nyumbani." Nilikasirika nusu saa nzima. Baadaye nilimwona akikata zake kila Jumatatu kabla ya uji, nikaanza kukata zangu, na nimekata kila Jumatatu mpaka mwezi uliopita.

Mtashangaa kazi gani ilitaka kucha fupi namna ile. Ni kazi ya wazee wasiopata mkojo. Waliletwa wamebebwa juu ya kitanda, watu wanne wakipokezana, kutoka Kishapu na huko mbele, tumbo limejaa gumu kama ngoma, mzee hawezi hata kutukana. Tukiwapitishia mpira kwenye njia ya mkojo, maji yakaanza kutoka, wengine walilia kwa raha. Nimeombewa dua na wazee wale kuliko nilivyoombewa na mama yangu.

Kila mwanamume ana tezi chini ya kibofu, imeizunguka njia ya mkojo. Wengine huiita tezi dume. Mtu akizeeka inakua, inabana njia, ndiyo hayo. Mara nyingi ni kukua tu kwa uzee. Lakini mara nyingine ni saratani, na hiyo ni habari nyingine kabisa. Sisi hatukuwa na mashine ya kuona ndani ya mtu. Tulikuwa na kidole. Unapitisha kidole njia ya haja kubwa, mbele kidogo unaikuta tezi nyuma ya ukuta mwembamba, unaisikia.

Mzee Athumani alinifundisha kwa mkono wangu mwenyewe. "Kunja ngumi," akasema. "Sasa bonyeza hapa chini ya kidole gumba, penye nyama. Unasikiaje?"

"Laini, inadunda."

"Hiyo ni tezi ya uzee. Sasa bonyeza kifundo cha kidole."

"Ngumu. Mfupa."

"Ukikuta hivyo huko ndani, hata kama ni kidogo kama punje ya mtama, hiyo ni saratani. Usiseme labda. Andika."

Halafu akanifundisha yale mengine ambayo kwenye vitabu hayamo. Mgonjwa alale ubavu wa kushoto, magoti ayakunje kifuani. Umfunike shuka, ubakize panapohitajika tu. Glavu tulikuwa na jozi moja, na ile ya kulia ilikuwa na kiraka cha mpira wa baiskeli, kwa hiyo uipake vaselini nyingi upande wa kiraka. Usiingize kidole mtu amekaza pumzi. Muulize habari ya ng'ombe. Msukuma ukimuuliza habari ya ng'ombe lazima ajibu, na hawezi kujibu bila kutoa pumzi. Akisema "mhola", yaani salama, wewe unaingia. Nimeifanya hila hiyo mara nyingi mno, na siku moja mzee wa Kishapu aliniambia kwamba tangu aje kwetu akiulizwa habari ya ng'ombe anashtuka.

Upasuaji ulikuwa wa Bwana Mganga, daktari Mzungu, na alitupata mimi na Petro wa kumsaidia. Mzee hakupasuliwa mara moja. Kwanza alifunguliwa tumbo chini ya kitovu, kibofu kikatobolewa, mpira ukawekwa, akaachwa wiki mbili au zaidi akitoa maji kwa tumbo mpaka damu yake isafike na nguvu zirudi. Kisha ndiyo siku ya pili ya upasuaji, Bwana Mganga anaingiza kidole kwenye kibofu kwa juu na kuibandua tezi kutoka kwenye ganda lake, mtu abanduavyo chungwa. Ndani ya ganda panabaki shimo linalotoka damu, tunalishindilia kitambaa. Mimi nilikuwa upande wa kichwa, nadondosha etha ya kumlaza mgonjwa kwenye kitambaa cha pua. Bwana Mganga alikuwa na tabia ya kuimba wimbo wa kanisani kwa pua kazi ikienda vizuri. Akinyamaza, mimi na Petro tulitazamana.

Sasa nifike kwa mkwe wangu.

Nilioa binti wa Kisukuma, Kabula, ambaye ninyi mnamwita Mama Zainabu. Baba yake alikuwa Mzee Jilala wa upande wa Kishapu, mwenye ng'ombe na mji mkubwa uliozungushiwa ua wa minyaa. Mtu mrefu, mpole, mwenye mzaha wa chini chini. Alinipokea mimi, Mwislamu wa mjini nisiyejua kukamua, na akasema mbele ya ndugu zake kwamba ng'ombe anafundishika kukamuliwa, basi na mkwe atafundishika kukamua. Mimi nilimheshimu kwa namna ya nchi ile. Akija njiani nilitoka njiani. Sikula naye sahani moja. Tukiongea, tuliongea mvua, ng'ombe na wajukuu, na chochote kilicho chini ya mshipi hakikuwepo duniani.

Ndipo siku moja akaletwa kitandani, amebebwa, tumbo limejaa.

Nilimwona nikatoka nje. Nilimwambia Petro, "Huyu wako, mimi nahesabu bandeji." Petro akampitishia mpira. Petro akampima kwa kidole, akasema imekua lakini laini, ya uzee. Siku za upasuaji nilisimama kichwani na etha yangu, nikamshukuru Mungu kwamba kichwani ndipo pangu. Siku ya pili Bwana Mganga alikuwa akiimba vizuri tu. Tezi ikatoka, akaiweka kwenye bakuli, akaipasua kwa kisu kutazama ndani kama kawaida yake, akanyamaza.

Upande mmoja palikuwa na kipande kidogo, cheupe cheupe, kigumu, kikikwaruza kisu. Petro hakukisikia kwa sababu kilikuwa kimezama ndani. Bwana Mganga alikitia kwenye chupa ya dawa, kikapelekwa Dar es Salaam kwa treni kwa watu wenye hadubini. Jibu lilirudi baada ya wiki nyingi, wakati huo mkwe wangu ameshapona kidonda, anakojoa kama kijana, amerudi kwake anasimulia. Jibu lilisema ni saratani.

Bwana Mganga aliniita ofisini. "Tumetoa nyama ya ndani," akasema, "ganda la nje limebaki. Ikirudi, itaanzia kwenye ganda, na kidole kitaisikia kabla yeye hajaisikia. Ikitoka hapo inapenda mifupa. Kiuno, uti wa mgongo. Apimwe kila miezi mitatu. Kidole, halafu gonga mgongo kwa ngumi, muulize miguu, mpime uzito. Andika kwenye kadi."

Nikamuuliza, "Na tukiikuta, Bwana, tutafanya nini?"

"Kidogo sana," akasema. Hakuwa mtu wa kudanganya. "Lakini mtu mzima ana mambo yake ya kupanga. Sasa hivi tusimtishe kwa punje moja. Mkikuta kitu, aambiwe siku hiyo hiyo."

Kisha akaenda zake likizo Ulaya, na aliyeshika nafasi yake alikuwa akija kutoka Mwanza mara moja kwa mwezi kutia sahihi.

Kadi ya kwanza. Mzee Jilala alikuja kwa miguu, na kibuyu cha maziwa mgando kwa wajukuu. Petro alikuwa vijijini anachanja ndui. Nilikuwa peke yangu. Tukakaa kwenye chumba kile chenye meza ya kupimia, mimi huku, yeye kule, meza katikati yetu.

"Mwangaluka, baba," nikamwamkia.

"Mwangaluka. Wajukuu?"

"Hawajambo. Na wewe, mwili?"

"Mhola."

"Na... maji?"

Akatazama dirishani. "Maji hayana neno, Baba Zainabu."

Alijua kilichomleta. Ameambiwa atapimwa, na alishapimwa na Petro, anajua kupimwa ni nini. Akashika fundo la shuka yake, akangoja. Na mimi nikaitazama glavu imetundikwa ukutani, kiraka chake kinaning'inia. Wallahi nilinyanyuka. Nilipiga hatua mbili. Kisha nikasema, "Basi, baba, inatosha, mambo mazuri." Akaachia lile fundo, na uso wake ukafunguka kwa furaha, akanishukuru. Alinishukuru mimi! Alipotoka nikachukua kadi nikaandika: *Laini. Hakuna kitu.* Nikajiambia miezi mitatu ijayo Petro atakuwepo.

Kadi ya pili, Petro alikuwepo. Alikuwa chumba cha pili anachemsha sindano, nasikia sufuria yake. Ningesema neno moja tu, "Petro, njoo umpime mzee." Lakini nilishaandika uongo. Petro akikuta kitu kigumu pale nilipoandika laini, ataniuliza, na nitajibu nini? Basi aibu ya mkwe ikazaa aibu ya kadi, na nikawa nalinda ya pili kuliko ya kwanza. Siku hiyo Mzee Jilala aliniambia mgongo unamkaza asubuhi. Ilikuwa majira ya kupalilia pamba. Nikamwambia ni jembe. Nikampa chupa ya dawa ya kuchua. Nikaandika: *Laini. Hakuna kitu.* Mgongo sikuuandika kabisa, maana ukiandikwa mgongo lazima ugongwe, na ukigongwa lazima na kidole kiende.

Ninyi vijana mnaposoma hapa mtanidharau, na mna haki. Lakini naomba mjue kwamba sikuona kama nafanya ubaya. Nilijiona mkwe mwema.

Kadi ya tatu ndiyo inayoniamsha. Mzee Jilala alikuja amekonda kidogo, na safari hii hakungoja nimuulize.

"Baba Zainabu," akasema, "nina neno. Watu wanahamia Geita. Nyasi ziko, pori linafyekwa, ng'ombe wetu huku wamebanana wanakula vumbi. Shija yuko huko mgodini, ananiita." Shija ni mwanawe, shemeji yangu, alikuwa anasukuma vigari vya mawe kwenye mgodi wa dhahabu. "Mdogo wangu anataka mji wangu aulime. Nikihama, nimehama. Sasa nakuuliza wewe kwa kuwa wewe ndiye mwenye kujua. Nimepona?"

Nikaivuta kadi yake karibu.

"Kama nimepona, naenda, nina miaka kadhaa ya kuanzisha mji mpya. Kama sijapona, siendi popote. Baba yangu amelala ndani ya zizi lile, na babu yangu. Mimi nitalala pale. Sitaki kuzikwa kwenye zizi ambalo ng'ombe hawajalizoea."

Wasukuma wenye mji huzikwa hivyo, ndani ya zizi la ng'ombe, kwenye samadi ya miaka mingi, na hakuna heshima kubwa kuliko hiyo. Mzee alikuwa ameniuliza swali moja tu la maisha yake, na kidole changu kingelijibu kwa muda wa kuhesabu ishirini.

Nikasema, "Umepona, baba."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, huu huu wa kulia. Baada ya mavuno akauacha mji kwa mdogo wake, akaswaga ng'ombe wake kwenda Geita. Mama Zainabu alipika chakula cha kumuaga, na mimi nilikula vizuri.

Bwana Mganga aliporudi aliomba kadi. Akazisoma zote tatu, akanipiga bega. "Kazi nzuri, Saidi. Kwa mkwe wako mwenyewe! Wengine wangeona haya." Nilisema ahsante. Mpaka leo nikikumbuka ahsante ile natamani kutema mate.

Haukupita mwaka. Shija akaja na treni ya Mwanza, nguo zimejaa vumbi jekundu la mgodini, akakaa kwenye benchi la wagonjwa kama mgonjwa. "Shemeji," akasema, "mzee hasimami. Ilianza miguu kufa ganzi, akawa anaburuza, sasa wiki ya pili yuko chini. Usiku hatulali kwa kilio chake cha mgongo. Anasema, 'Aitwe mkwe wangu, yeye anaujua mwili wangu.'"

Nilikwenda na Mama Zainabu. Treni mpaka Mwanza, tukavuka ziwa, kisha lori la mgodi. Tulifika mchana. Mzee alikuwa amelazwa juu ya ngozi kwenye kivuli cha nyumba ambayo udongo wake haujakauka vizuri. Zizi lilikuwa pale mbele, fito zake bado mbichi, samadi haijafika hata kifundo cha mguu.

"Mwadila, baba."

"Mwadila. Umekuja." Alikuwa mifupa. Nikamchoma nyayo kwa sindano, hakujua. Nikapitisha ngumi taratibu kwenye uti wa mgongo, na nilipofika juu ya kiuno akapiga yowe ambalo liliwanyanyua kuku. Nikawaomba Shija na Mama Zainabu watupishe. Tukabaki wawili.

"Baba," nikasema, "nataka kupima."

Akageuzia uso ukutani. "Pima."

Nilikata kucha pale pale, ingawa zilikuwa fupi. Nilipaka vaselini. Sikumuuliza habari ya ng'ombe, na hakuwa na haja, maana sehemu ile nayo ilishakufa ganzi. Niliipata mara moja. Haikuwa punje. Ilikuwa kifundo, na kingine, na kingine, ngumi nzima iliyokunjwa. Nikatoa kidole, nikamfunika.

"Umekuta nini?"

"Jiwe, baba."

"La siku nyingi?"

"La siku nyingi."

"Siku zile nilizokuja kwako, lilikuwepo?"

Ningeweza kusema halikuwepo. Mungu ananijua, neno lilifika mdomoni. "Sijui, baba. Sikupima. Niliandika tu."

Akageuza uso, akanitazama. Nilingoja anilaani. "Ulinionea haya," akasema.

"Nilikuonea haya, baba. Ilikuwa heshima."

"Na mimi nilifurahi." Akafumba macho. "Tulifurahi wote wawili, tukijua. Mimi ni mzee, ningekuambia pima. Lakini wewe ndiye uliyelipwa kwa kazi hiyo, Baba Zainabu." Baadaye kidogo akasema, "Heshima yako imenileta kufia ugenini. Nirudishe."

Tulijaribu. Tulimpata dereva wa lori aliyekubali, tukatandika magunia na nyasi, tukamfunga kwenye kitanda, nikampa dawa ya usingizi yote niliyokuwa nayo. Barabara ya Geita mnaijua. Kila shimo lilikuwa linaingia kwenye uti wa mgongo wake. Mama Zainabu alikuwa amekishika kichwa cha baba yake, amekibana kifuani kisitikisike. Ziwa halijaonekana hata kwa mbali, Mzee Jilala akasema, "Geuzeni." Akasema mara moja tu. Dereva akageuza.

Aliishi siku kumi na moja. Alizikwa ndani ya zizi lile jipya, amefungwa kwenye ngozi ya dume lake, na wachimbaji wa kaburi walifika kwenye mchanga mkavu kabla jembe halijazama. Ng'ombe walipoingizwa jioni waligoma mlangoni, ikabidi wapigwe. Shija alisema ni harufu ya udongo uliofukuliwa. Labda.

Kwenye mashua ya kurudi nilimwambia mke wangu yote. Hakulia, hakunitukana. Alitazama maji, kisha akasema, "Baba alikuwa akikusifu kwa watu kwa sababu una aibu." Hajasema neno jingine juu ya jambo hilo mpaka leo, na ameendelea kunipikia.

Kwa Bwana Mganga nilikwenda na kadi zote tatu na kalamu. Nilizikata kwa kalamu zile *laini* mbele yake, na juu ya kila moja nikaandika *Sikupima.* Nilitazamia anifukuze. Alizisoma upya moja moja. Mwisho akaniambia, "Saidi, tusingeweza kumponya. Hata ungeikuta siku ya kwanza." Alitaka kunifariji, na najua alisema kweli. Lakini mzee hakuja kwangu kuuliza dawa. Alikuja kuuliza kama ahame. Jibu la swali hilo nilikuwa nalo mkononi, na halikuwa na bei.

Bwana Mganga alinipa adhabu moja. Aliagiza wagonjwa wote wa tezi waliopasuliwa niwapime mimi, si mwingine. Niliwapima. Nimewapima mashekhe, watemi, Wakristo wenye misalaba shingoni, na mzee mmoja aliyenipiga teke. Niliyoyakuta niliyaandika, na nilipokuta kifundo nilimwambia mwenyewe siku ile ile, ana kwa ana, kwa Kisukuma changu kilichonyooka kwa taabu. Wawili walikuwa tayari wameuza shamba ili wahame. Walirudi kununua.

Hayo ndiyo ninayowaachia. Glavu iangalieni kwenye maji kabla ya kuivaa, viputo vikitoka ina tundu. Mgongo ugongeni hata kama ni majira ya kupalilia. Na msichokigusa, msikiandike. Ukishindwa, andika umeshindwa, mwenzako ataanzia hapo.

Sasa neno la mwisho, nalo ni la mtu mmoja. Mwanangu Zainabu ameolewa na Hamisi, dresa kijana pale wodini, ambaye mimi mwenyewe nilimkata kucha mlangoni siku yake ya kwanza. Kijana mwema. Akiniona hutoka njiani. Hajawahi kula na mimi sahani moja.

Hamisi, tangu mfungo uliopita nasimama muda mrefu ukutani kabla maji hayajatoka, na mgongo wangu unakaza asubuhi, na mimi sina shamba la pamba. Mama Zainabu anataka tuhamie Tabora kwa ndugu zangu tukamalizie uzee huko, na nimemwambia angoje kwanza. Petro ameondoka tena na dawa zake za ndui, atarudi mwisho wa mwezi. Ningeweza kumngoja. Simngoji. Jumatatu asubuhi nakuja, na zamu ni yako, nimeuliza. Nitalala ubavu wa kushoto, nitageuzia uso ukutani. Ukiona mikono yako inatetemeka, niulize habari ya ng'ombe. Kata kucha, mwanangu. Halafu andika ulichokikuta.